Baba Asiwe Mgeni Nyumbani Mwake



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kujibu neno moja linalosemwa sana barazani, kilabuni, na hata nje ya kanisa watu wanapoagana baada ya ibada. Nimelisikia kwa wazee, nimelisikia kwa vijana waliooa juzi, wala sijaona mtu aliyelijibu kwa maandishi. Neno lenyewe ni hili: kwamba mtoto mdogo ni kazi ya mama yake. Baba, wasema, akiisha kuleta unga, nguo na madaftari, amemaliza kazi. Kumbeba mtoto, kumwogesha, kumlaza, kuzungumza naye na kucheza naye ni mambo ya kike, na mwanamume mwenye heshima zake hayagusi.

Mimi ni mwalimu, tena ni baba wa watoto watatu. Nasema kwamba neno hili si la kweli, wala si la mila, wala si la heshima. Tena lina hasara kwa mtoto na kwa mama yake, na hasara iliyo kubwa zaidi ni ya baba mwenyewe, maana ananyang'anywa mali yake naye anashukuru.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kuleta unga si kitu. Baba aamkaye alfajiri akashika jembe, arudiye jioni na tope miguuni, anastahili sifa, na mtoto wake na ajue kwamba chakula hakianguki toka mbinguni. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Lakini sheria hiyo hiyo yataja pia maongozi, na haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika. Wala haikusema kwamba hayo ni juu ya mama peke yake. Unga hata ghala linao. Lakini sijapata kumwona mtoto aliyeliita ghala baba.

Basi wenye neno hili hutoa sababu nne. Nitazichukua moja moja.

Sababu ya kwanza ni mila. Wasema, “Wazee wetu hawakubeba watoto.” Nauliza, wazee gani? Afrika ni kubwa, na mila zake si moja. Katika misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na kaskazini ya Kongo-Brazzaville wako watu waitwao Waaka, wawindaji wa nyavu. Mtaalamu wa Kimarekani, Barry Hewlett, alikaa nao miaka mingi, na mwaka 1991 akatoa kitabu juu ya baba zao. Aliona kwamba baba wa Kiaka humshika mtoto mchanga, au huwa karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono, karibu sehemu 47 katika kila 100 za wakati wake. Na sababu yake si ngumu: kwa Waaka mume, mke na watoto huenda mawindoni pamoja, na mikono ya kumpokea mtoto ni ya wote. Je, hao si Waafrika? Je, wao wamejifunza kubeba watoto kwa Wazungu?

Tena tusiende mbali. Mambo mengi tunayoyaita mila si ya kale kama tudhanivyo. Katika siku za utawala wa kigeni wanaume wengi wa Kigoma, Songea na kwingineko walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge, wakakaa huko miezi mingi, na pengine miaka. Mtoto alizaliwa baba hayupo, akatambaa baba hayupo, akaota meno baba hayupo. Na siku baba aliporudi na sanduku lake na blanketi, mtoto alikimbilia nyuma ya mama akilia kwa hofu. Hiyo ilikuwa ni shida iliyoletwa na kodi na kazi za mkataba. Leo manamba wamekwisha, lakini tumeihifadhi shida yao tukaipa jina la mila, na baba alalaye nyumbani kila siku yuko mbali na mwanawe kama yule aliyekuwa Tanga akikata mkonge.

Na kama kuna mtu asemaye kwamba baba wa Kiswahili hazungumzi na watoto, na akumbuke vitabu vyetu wenyewe. Ni kweli kwamba Mwana Kupona wa Pate, aliyetunga utenzi wake karibu na mwaka 1858, alikuwa mama akimwusia binti yake. Lakini Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, naye alikuwa baba, na alifiwa na mkewe Amina. Yeye alitunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Bingwa wa lugha yetu hakuona aibu kuketi na kalamu akafikiri, “Nimwambie nini mtoto wangu?” Sisi tusio na nusu ya kipaji chake twaona aibu hata kumwuliza mtoto ameshindaje.

Sababu ya pili ni heshima. Kijana akionekana njiani amembeba mtoto mgongoni au begani, na mkewe anatembea mikono mitupu, watu hucheka. Husema amelishwa limbwata, mke ndiye mwenye suruali. Na kijana, kwa kuogopa kicheko hicho, humrudisha mtoto kwa mama yake, ingawa mama ana kuni kichwani.

Ndugu zangu, hofu na heshima hukaa nyumba moja, lakini si ndugu. Mkitaka kujua kama baba anaheshimiwa au anaogopwa, msiwaulize watu wazima; watazameni watoto wanapocheza mchezo wa baba na mama. Sisi walimu huuona mchezo huo kila siku chini ya miti ya shule. Yule anayekuwa mama ana kazi nyingi: apika matope katika kifuu, ambeba mtoto wa gunzi, amfunika, ambembeleza, ampeleka hospitali, amwonya asiende kisimani. Lakini yule anayekuwa baba hana la kufanya. Huambiwa, “Wewe nenda kazini,” naye huenda akasimama nyuma ya mti. Kisha hurudi, hukohoa, huuliza, “Chakula kiko wapi?” Nimepata kuona watoto wakinyamaza wote kwa ghafula, hata yule wa gunzi akatulizwa, mmoja akanong'ona, “Nyamazeni, baba amekuja.” Walikuwa watoto wa miaka mitano na sita, wala hakuna aliyewafundisha maneno hayo. Waliyatoa nyumbani kwetu. Ikiwa hiyo ndiyo heshima, basi hata chui anayo, maana akipita kijijini watu wote hunyamaza.

Wengine husema kwamba kazi ya kulea hupunguza uanaume. Na hapa nataka kuwashangaza, kwa maana wataalamu wamelipima jambo hili katika mwili. Kuna homoni iitwayo testosteroni, nayo ni miongoni mwa zile zinazomfanya mvulana abalehe, avunje sauti na kuota ndevu. Mwaka 2009 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, kati ya Wahadzabe na Wadatoga. Kwa Wahadzabe, ambao baba zao huwashika na kuwalea sana watoto, wanaume wenye watoto walikuwa na homoni hiyo kwa kiasi kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao baba zao huwaachia mama watoto wachanga, haikuonekana tofauti. Mwaka 2011 ikatolewa habari nyingine, ya wanaume 624 wa Ufilipino waliopimwa kabla na baada ya kupata watoto. Waliokuwa baba homoni yao ilishuka sana, na waliotumia saa tatu au zaidi kila siku katika kulea ndio walioonekana kuwa nayo chini zaidi.

Najua mwenzangu wa barazani atapiga makofi, aseme, “Ndiyo niliyosema! Inapungua!” La, bwana, usishangilie upesi. Wahadzabe hao ndio wanaowinda kwa upinde na mshale. Na ndevu zao hazikudondoka. Maana ya habari hii ni nyingine, tena ni ya ajabu: ya kwamba mwili wa mwanamume umeumbwa uweze kugeuka kwa ajili ya mtoto. Twajua sote kwamba mwili wa mama hutengeneza maziwa mtoto anapozaliwa. Sasa twajua kwamba hata damu ya baba hupata habari. Lakini hupata habari kwa njia ya mikono yake. Asiyemshika mtoto, damu yake haiambiwi neno. Basi anayesema kwamba kulea si maumbile ya mwanamume hajabishana na mimi. Amebishana na mwili wake mwenyewe.

Sababu ya tatu ni wakati. “Mimi mtafutaji,” wasema, “sina nafasi.” Hili nalikubali kwa wachache. Dereva wa lori, askari aliye mbali, mvuvi alalaye ziwani, hao tuwahurumie. Lakini sisi wengine tufanye hesabu, maana hesabu haina urafiki. Nusu saa kila siku ni saa 182 na nusu kwa mwaka. Mtoto akitimiza miaka saba, zimekuwa saa 1,277 na nusu. Nani kati yetu hana nusu saa? Bao lina saa zake. Kilabu kina saa zake. Mpira wa Ulaya katika televisheni ya jirani una saa moja na nusu bila kuhesabu mapumziko, na baada yake kuna saa nyingine ya kubishana juu ya mwamuzi ambaye hatutamwona maisha yetu yote. Sisemi watu wasicheze bao. Nasema tusimwambie mtoto kwamba hatuna wakati, ilhali anatuona tumekaa.

Wenye kuajiriwa wamepewa hata na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka angalau siku 3 zenye malipo kwa baba, azitumie ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 iliweka wiki 2. Siku 3 ni chache, nami ningefurahi zikiongezwa. Lakini zile chache zatumiwaje? Wengi wetu huzitumia barazani tukipokea hongera, kana kwamba ni sisi tuliozaa, na mama yuko ndani hajalala tangu juzi. Na mkulima, ambaye hana sheria ya likizo, yeye ndiye bwana wa siku zake. Akitaka kumchukua mtoto shambani akamweka kivulini amtazame akipalilia, hakuna msimamizi wa kumzuia.

Sababu ya nne ndiyo wanayoiona kuwa ngome yao. “Mtoto mchanga,” wasema, “hajui lo lote. Hana mazungumzo. Akipata akili nitamfundisha.” Ndugu zangu, hapa ndipo wanapopoteza mali wasiyoijua.

Kwanza, si kweli kwamba hajui. Mtoto akiwa bado tumboni, kabla ya miezi tisa kutimia, husikia sauti. Na anapozaliwa sauti ya mama yake si ngeni kwake. Macho yake huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu. Angalieni umbali huo: ndio ule ulioko kati ya kifua cha mtu na uso wake. Maana yake ni kwamba mtoto mchanga amepewa macho ya kumwona mtu mmoja tu, yaani yule anayemshika. Anayesema “mtoto hanijui” amesema kweli, kwa sababu amesimama mlangoni, mahali ambapo macho ya mtoto hayajafika.

Pili, mtoto huanza kulipa mapema kuliko mdeni mwingine ye yote. Katika wiki ya sita hivi kilio chake huwa kimefika kilele, na baba asiyejua hudhani kwamba amezaa msiba. Lakini ni katika siku hizo hizo, kati ya wiki ya sita na ya nane, ndipo atabasamu kwa mara ya kwanza kwa kuuona uso wa mtu. Si tabasamu la usingizini. Amekuona wewe, amekujua, amefurahi. Nimepokea vyeti katika maisha yangu, na nimepigiwa makofi mbele ya watu. Sikupata kitu cha kulinganisha na jambo hilo. Nalo huja saa yo yote, pengine saa kumi ya alfajiri, kwa yule aliyeko. Halitunzwi kwa ajili ya yule atakayerudi kesho.

Kisha huja maneno, na hapo mwalimu wa lugha hupata mwalimu wake. Binti yangu, alipokuwa na miaka mitatu, alitumwa na mama yake dukani pamoja nami. Njiani alirudia agizo asilisahau: “Sukari vilo viwili, sukari vilo viwili.” Wenye duka walicheka. Mimi nilisimama nikastaajabu. Mtoto huyu amesikia kiti na viti, kisu na visu, kikombe na vikombe, na bila kufundishwa na mtu ametambua sheria ya ngeli, kisha akaitumia juu ya neno ambalo hakusikia mtu akilisema hivyo. Alikuwa na makosa, lakini makosa yake yalikuwa na akili kuliko usahihi wa kasuku. Nawafundisha watoto wa darasa la tano sheria hiyo kwa ubao na chaki, kumbe waliijua kabla ya kujua kufunga vifungo. Jambo hilo sikulipata chuoni. Nililipata kwa kumshika mtoto mkono kwenda dukani.

Na maswali yao! Mwanangu wa pili aliniuliza, “Baba, kivuli changu hulala wapi?” Mara nyingine akauliza kwa nini mwezi unatufuata sisi, wala hauwafuati majirani. Jaribuni kujibu hilo kwa maneno ambayo mtoto wa miaka minne atayaelewa, nanyi mtajua kama mwezi mnaujua. Mtu mzima huishi kwa majibu aliyoyameza zamani. Mtoto humtapisha, akamlazimisha kuyatafuna upya. Kwa hiyo nasema kwamba baba anayesubiri mtoto “apate akili” ndipo amfundishe, amejinyima miaka ile ambayo yeye mwenyewe angefundishwa.

Tena kuna somo la subira, ambalo hatuliwezi wengi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huokota kijiti, hukitia katika kopo, hukitoa, hukitia, hukitoa, hata mara thelathini. Mtazamaji mwenye haraka huona upuuzi. Aketiye naye huona fundi kazini. Na ye yote aliyejifunza kuketi na fundi huyo bila kumpokonya kijiti, huyo hata mkutanoni atakuwa msikivu kuliko wenzake.

Hizo ndizo sababu nne, nami nimezijibu. Lakini isidhaniwe kwamba nabishana juu ya raha tu. Kuna maisha ndani yake. Jirani yangu mmoja, mtu mwema na mchapa kazi, ajuaye bei ya mahindi katika masoko matatu, aliachiwa mtoto mkewe alipokwenda matangani. Usiku mtoto akapata homa kali, akaanza kutetemeka. Akaja kunigongea, tukamchukua mtoto kwa bodaboda mpaka zahanati. Muuguzi akauliza: Mtoto ana miezi mingapi? Kadi yake ya kliniki iko wapi? Amepewa dawa yo yote tangu jana? Kuna dawa inayomdhuru? Kwa kila swali baba alijibu, “Labda mama yake anajua.” Malaria iliyothibitishwa hutibiwa kwa dawa ya mseto, nayo hutolewa kwa kipimo cha uzito. Uzito waliweza kuupima kwa mizani, lakini mizani haisemi mtoto amekwisha kumeza nini. Ikabidi tumpigie mama simu matangani, saa nane ya usiku, naye akayataja yote kwa pumzi moja: miezi, chanjo, dawa, na mahali kadi ilipo, juu ya kabati chini ya kitambaa. Mtoto alipona, nasi tukashukuru. Lakini niliporudi nilijiuliza, je, kama mtandao ungekuwa umekatika? Je, kama mama huyo ndiye angekuwa amelala chini ya udongo, kama wengine walivyolala, na baba amebaki na watoto asiowajua? Kifo hakiulizi kwanza kama baba amejifunza.

Sasa nina maneno kwa wengine pia, nisionekane kwamba nawapiga wanaume tu. Kina mama, na zaidi bibi na mashangazi, wako kati yenu wanaomfukuza baba. Kijana amnyoshea mtoto mikono, mara kelele: “Weka, utamwangusha! Toka, hujui!” Ni kweli hajui, lakini nani alizaliwa anajua? Binti alifundishwa kubeba tangu alipokuwa na miaka sita kwa kupewa mdogo wake. Kaka yake alikuwa akichunga mbuzi. Mpeni naye nafasi ya kujifunza, na mumwachie afanye kwa namna yake. Baba humrusha mtoto juu akamdaka, humpandisha begani aone paa la nyumba, humpa nyundo ndogo apige msumari usio na kazi. Si umama huo, wala haupaswi kuwa umama. Wote wawili wanahitajiwa, kama mtu anavyohitaji chumvi na maji.

Na kwa vijana wetu wa siku hizi wenye simu nzuri nina neno moja. Siku ya ubatizo nawaona mmempakata mtoto, mmevaa suti, mnapigwa picha, na picha zasambazwa hata kwa watu wa ng'ambo wenye kuwasifu. Picha ikiisha, mtoto hurudishwa kwa mama kama nguo ya kuazima. Wanaume wa zamani waliokaa mbali na watoto angalau hawakujisifu kwa kuwapakata.

Basi yafaa tufanye nini? Sitaki mambo makubwa. Kila baba na ajue siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wake, na mahali kadi yake ya kliniki ilipo. Ampeleke mwenyewe kliniki walau mara moja katika kila mara tatu, akae katika benchi pamoja na kina mama. Watamcheka mara ya kwanza, mara ya pili watampisha. Kila jioni atoe nusu saa, bila simu mkononi. Aliye na mtoto shuleni alifungue daftari kabla ya mwalimu kumwita, maana sisi walimu twajua majina ya mama wote, na baba wengi tunawaona siku mtoto amefeli, wamekuja na fimbo. Na mtoto akiuliza swali, asiambiwe “Kamwulize mama yako,” ila pale ambapo mama ndiye ajuaye zaidi.

Nanyi wazee wa kijiji na wa usharika, nawaomba kwa heshima. Kijana hawezi kushinda kicheko cha baraza peke yake. Lakini mzee mmoja mwenye mvi akionekana njiani na mjukuu wake begani, amemshika miguu, anajibu maswali yake bila haya, atakuwa amefungua njia kwa vijana kumi. Nani atamwambia mzee kwamba amelishwa limbwata?

Mtoto hangoji. Jino la kwanza litaota ikiwa baba yupo au hayupo. Hatua ya kwanza itapigwa. Siku ya shule itafika. Na siku moja yule aliyekuwa akilia kuachwa nyuma atachukua sanduku lake aende mjini, asitazame nyuma. Siku hiyo baba atataka mazungumzo, naye atashangaa kwamba mtoto ana majibu mafupi. Lugha ya nyumbani hujifunzwa wakati wa vilo viwili. Baada ya hapo ni salamu tu.

Haya ndiyo niliyo nayo. Mwenye kupinga na aandike katika gazeti hili, nami nitasoma kwa adabu. Lakini namwomba kwanza, kabla ya kushika kalamu, amwite mtoto wake mdogo kuliko wote, aketi naye nusu saa, ndipo aandike.



Mwalimu wa shule ya kijijini